Binti yangu anashika namba moja, ila akiuliza "kwa nini" anasimamishwa

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro, kazi yangu ni ushonaji. Cherehani yangu iko barazani, nashona sare za shule, magauni, na mapazia yakipatikana. Niliishia la Saba, sikuchaguliwa kuendelea, kwa hiyo unisamehe kama nitauliza jambo ambalo waliosoma wanaliona dogo.

Binti yangu mkubwa yuko Darasa la Sita katika shule ya serikali ya hapa mtaani. Darasani wako 130 na ushee. Tangu la Nne hajatoka kwenye tatu bora, na muhula uliopita alikuwa wa kwanza. Hisabati alipata 48 kwa 50. Baba yake aliichukua ile ripoti akaibandika ukutani pembeni ya kalenda. Na mimi nilifurahi, sitasema uongo.

Siku moja mteja aliniletea mita sita za kitambaa cha sketi za shule. Binti alikuwa chini kwenye mkeka anafanya kazi za shule, nikamwambia, "Mama, sketi moja inakula mita moja na robo. Hizi mita sita zitatoa sketi ngapi?" Swali la namna hiyo mimi nalijibu kwa macho kila siku. Akaniuliza, "Ni ya kugawanya au ya kuzidisha?" Nikamwambia afikirie mwenyewe. Akakaa kimya, halafu akasema, "Shuleni huwa inaeleweka, maana siku hiyo tunakuwa tumefundishwa kugawanya."

Nikamwambia haya, gawanya. Hapo akachangamka. Akaandika, akapindua, akazidisha, hata dakika haikuisha. "Nne nukta nane."

Nikamwuliza, "Sketi nne nukta nane nitamkabidhi mteja vipi?" Akarudia hesabu, jibu likawa lile lile. Akaanza kulia. "Mama, mbona nimefuata hatua zote?" Na kweli alikuwa amezifuata. Nikamwuliza kwa nini ile sehemu ya pili ameipindua. Akasema ndiyo kanuni. Kwa nini ni kanuni? Hakujua.

Tangu siku ile nimekuwa nikimchunguza. Mzunguko wa maji anautaja wote kuanzia baharini mpaka mvua inyeshe, hakosei neno. Lakini jagi la maji ya barafu likitoa jasho mezani anasema, "Mama, hili jagi linavuja."

Kosa langu, kama ni kosa, ni kwamba nilimwambia akamwulize mwalimu kwa nini tunapindua. Akanyoosha kidole. Akajibiwa aandike, asipoteze muda wa wenzake, darasa likacheka. Kesho yake nikamsukuma aulize tena. Mwalimu akasema mtoto huyu anamjaribu, akamsimamisha mpaka kipindi kikaisha. Wiki ile ile mwalimu wa taaluma akanipigia simu: "Mama, usimchanganye mtoto. Mwakani tunamtegemea kwa A. Mwache akariri kwanza, kufikiri atafikiria huko mbele." Sikuwa na la kumjibu. Mume wangu naye anasema hivyo hivyo.

Sasa mtoto hanyooshi kidole kabisa. Jioni nikimwuliza kitu ananiambia, "Mama, niambie jibu tu." Wifi yangu anashauri nimhamishie Inglishi midiamu, na ada ya kuanzia naweza kukopa kwenye kikoba. Je, nimemharibu mwanangu? Nimhamishe? Au ninyamaze tu mpaka mtihani wa la Saba wa Septemba mwakani upite?

Mama wa binti, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale anaposema, "Mama, niambie jibu tu." Hapo ndipo panaponiuma. Sehemu na desimali zitapata dawa, tena dawa yake unayo kwenye meza ya cherehani. Ila mtoto wa miaka 11 au 12 ambaye ameshajifunza kwamba kuuliza kunaleta aibu, huyo anatakiwa ashughulikiwe leo.

Kwa hiyo kabla ya mengine yote, usiku huu mkae naye wawili, umwambie wazi, kwa maneno yako: "Hukukosea kuuliza. Swali lako lilikuwa zuri. Mimi ndiye nilikutuma, na kama kulikuwa na namna nzuri zaidi ya kulipeleka, ilikuwa kazi yangu kukuonyesha." Yatamke hayo kwa sauti, usidhani anayajua. Watoto wakiadhibiwa mbele ya wenzao hujiona wao ndio wenye kasoro, na hawaambii mtu.

Nami nikueleze jambo langu. Nimefundisha shule za msingi miaka mingi, Sayansi na Hisabati. Mwaka mmoja nilikuwa na kijana wa la Tano ambaye mjomba wake aliuza samaki. Nilikuwa nafundisha kwamba maji huganda kwenye nyuzi sifuri. Akanyoosha kidole: "Mwalimu, mbona mjomba akimwaga chumvi kwenye barafu inayeyuka, lakini ukigusa inakuwa ya baridi zaidi?" Nikamwambia akae chini, hilo halitoki kwenye mtihani. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Nilikuja kulisoma baadaye: chumvi hushusha kiwango cha kuganda, barafu ikilazimika kuyeyuka hunyonya joto la vilivyo karibu nayo, ndiyo maana samaki hupoa zaidi. Nilipolijua, kijana alikuwa ameshaondoka shuleni. Kwa mwaka mzima uliobaki hakuniuliza tena kitu. Nakusimulia haya ili ukimfikiria yule mwalimu wa Hisabati usimwone ana roho mbaya. Huenda naye alifundishwa kupindua bila kuambiwa kwa nini, na mbele ya watoto 130 hakuna kitu kinachomwogopesha mtu mzima kama swali asilolijua.

Idadi hiyo nayo uitazame. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 watoto wamejaa shuleni, jambo jema kabisa, lakini madarasa na walimu havikuongezeka kwa kasi ile. Mwalimu mwenye watoto 130 akisema amsikilize kila mmoja dakika moja, kipindi kimeisha na hajaanza. Kuimbisha kanuni ndiyo njia pekee anayoiona ya kuwafikia wote. Halafu matokeo yakitoka, shule inapangwa na shule nyingine za kata na wilaya, mwalimu mkuu anaitwa kujieleza kwa wastani, naye akirudi anawaita walimu. Kuanzia matokeo ya mwaka 2022 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, nami niliunga mkono, lakini huko chini mashindano bado yapo. Simtetei kwa kumsimamisha mtoto. Pale alikosea, na ukimpata kwa utulivu anaweza kukiri mwenyewe.

Sasa tuje kwenye kitambaa, maana hapo binti yako ana haki ya kupata jibu alilosimamishwa kwa ajili yake.

Kata karatasi za gazeti vipande sita virefu vinavyolingana. Kila kipande mwambie ni mita moja. Akunje kila kimoja katikati, kisha katikati tena, apate robo nne zenye mikunjo. Mwulize robo zote ni ngapi. Atahesabu, atasema 24. Sketi moja inakula mita moja na robo, yaani robo ngapi? Tano. Basi azikate robo zake na kuzipanga tano tano hapo mkekani. Atapata mafungu manne, na pembeni zitabaki robo nne ambazo hazitoshi fungu la tano. Sketi nne, na mita moja imebaki.

Akimaliza, mfungue daftari lake kwenye ile hesabu. Mita moja na robo aliiandika 5/4, akaipindua ikawa 4/5, akazidisha kwa 6. Mwulize: ile 4 umeitumia wapi hapa mkekani? Ataona kwamba ndiyo iliyozigeuza mita sita kuwa robo 24. Na ile 5? Ndiyo aliyopangia mafungu. Kupindua kote ni hicho tu: kuzidisha kwa 4 ili kila kitu kiwe robo, halafu kugawanya kwa 5 kwa sababu sketi inataka robo tano. Na hiyo nukta nane ni zile robo nne zilizobaki, nne kati ya tano zinazohitajika. Kwa hiyo hesabu yake ilikuwa sahihi, na umwambie hivyo, kwa sababu alilia akidhani amekosea. Alichokuwa hajafundishwa ni kurudi kwenye kitambaa baada ya kupata namba, akaangalie namba hiyo inasema nini kwa mwenye mkasi.

La jagi ni rahisi zaidi. Nunua barafu kwa jirani, changanya na juisi ya rozela kwenye jagi la kioo au la bati, ifunike, muisubiri. Kama jagi linavuja, matone ya nje yatatoka mekundu. Ayafute kwa kitambaa cheupe aone mwenyewe. Maji yale yametoka wapi basi, kama hayakutoka ndani? Usimjibu. Akishindwa kabisa, mwambie autaje tena ule mzunguko wa maji anaoujua kwa moyo, polepole, na asimame pale mvuke unapopoa.

Unaona kwamba sikwambii aache kukariri. Tebo azijue usingizini, na kama bado anahesabu vidole kwenye saba mara nane, akazane. Anayehifadhi Qur'ani au mashairi anapata hazina ya maisha, na wazee wetu wa pwani walibeba tenzi nzima vichwani. Lakini hata kwenye chuo cha Qur'ani mtoto akishahifadhi hupelekwa kwenye darsa aelezwe maana. Kinachonikera mimi ni kumwambia mtoto kwamba maana atapewa akishafaulu.

Maana huko mbele anakotajiwa na mwalimu wa taaluma nakujua. Akichaguliwa Kidato cha Kwanza, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, isipokuwa machache kama Kiswahili. Mtoto aliyeelewa sehemu ni nini kwa lugha ya mama yake anachohitaji ni jina jipya tu, kitu chenyewe anacho tayari. Aliyekariri kwa Kiswahili hana cha kuvuka nacho, kwa sababu maneno aliyoyashika hayatumiki tena. Anaanza kukariri upya, safari hii kwa lugha asiyoielewa. Nimekaa na vijana wa Kidato cha Pili wanaoandika ukurasa mzima wa Baiolojia bila kukosa herufi, ukimwomba mmoja akueleze sentensi ya tatu anainamisha kichwa. Hao wengi wao walikuwa kumi bora kwenye la Saba, na hawakupungukiwa akili hata kidogo. Kwa hiyo kusubiri Septemba ipite ndilo jambo moja ambalo nakukataza.

Wala hili si wazo geni lililoletwa na mtu wa mbali. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliandika kwamba mitihani hupima uwezo wa mtu kujifunza mambo na kuyatoa akitakiwa, na si kila mara hufaulu kupima uwezo wa kufikiri. Alitaka elimu imjengee kila raia akili ya kuuliza. Tangu mwaka 2005 mitaala yetu inazungumzia umahiri, na mtaala mpya ulioanza 2024 kwa la Kwanza na la Tatu umelisisitiza jambo hilo hilo. Binti yako yumo kwenye ule wa zamani, lakini hata huo haukumkataza mtu kuuliza kwa nini.

Mtihani nao tusiudharau, anaufanya na lazima aufaulu. Ila zile karatasi za miaka iliyopita anazopewa kila Jumamosi zitumieni kwa namna nyingine. Achukue swali la kuchagua, aweke kiganja juu ya A mpaka E, alifanye bila kuangalia majibu. Akipata lake ndipo aondoe mkono. Halafu kazi yenyewe inaanza: kwa yale manne yaliyobaki, aseme mtu aliyechagua lile angekuwa amefikiri nini. Waliotunga mtihani huyaita vipotoshi, na huwa hayakutupwa pale ovyo. Kila kipotoshi ni kosa ambalo mtoto fulani hulifanya: huyu amejumlisha badala ya kutoa, yule amesahau kubadilisha dakika ziwe saa. Maswali matano kwa jioni yanatosha, kuliko hamsini ya kuweka vivuli. Baraza la Mitihani huchapisha kila somo taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kwa Kiswahili, na ipo kwenye tovuti yao. Mwombe kijana yeyote mwenye simu akufungulie ya Hisabati. Utakutana na maneno yale yale yakijirudia, kwamba waliokosa walishindwa kuelewa matakwa ya swali. Hilo ndilo lililompata mwanao kwa zile mita sita: kanuni alikuwa nayo, hakujua swali linataka nini. Mwonyeshe mume wako ukurasa huo. Anataka mtoto apate A, nawe unataka hivyo hivyo, sioni ugomvi wenu uko wapi.

Kwa mwalimu nenda wewe mwenyewe, saa za jioni watoto wakiwa wameondoka, wala usipitie kwanza kwa mwalimu mkuu. Anza na shukrani, kwa sababu 48 kwa 50 katika darasa la watoto 130 ni jasho la mtu. Halafu mwambie: "Mwalimu, mwanangu ameacha kunyoosha kidole tangu siku ile. Naomba unisaidie arudi." Usimtajie kukaririsha, neno hilo litamfunga masikio. Nenda na mfuko wa mabaki yako ya vitambaa na tepu ya kupimia iliyochakaa, umwambie ni vya darasa, vinaweza kumfaa kwenye sehemu na vipimo. Ukipata nafasi mwonyeshe zile robo 24, ukimwambia mmekuwa mkizichezea nyumbani na unaomba yeye akague kama mko sahihi. Nimeona walimu wakiondoka na kitu kama hicho na kesho yake wakakifundisha. Akikataa, au mtoto akiadhibiwa tena kwa kuuliza, hapo ndipo uende kwa mwalimu mkuu, na kamati ya shule ipo.

Binti naye apate daftari dogo la maswali. Likimjia swali katikati ya kipindi aliandike, na kengele ikilia amfuate mwalimu: "Mwalimu, naomba unisaidie hapa, hatua ya pili sijaielewa." Mwalimu mwenye watu 130 akiulizwa hivyo, wawili peke yao, huwa ni mtu mwingine kabisa. Yale yasiyopata jibu shuleni ayalete barazani. Usiogope kusema hujui. Mtoto akimwona mama yake anasema "hili sijui, tulitafute," anajifunza kwamba kutojua hakuna aibu.

Kuhusu Inglishi midiamu, fedha ya kikoba iache kwanza. Shule nzuri zipo, lakini nyingine zina kambi na majaribio ya kila wiki na kukariri zaidi ya hapo ulipo, na huyu angehama mwaka mmoja na kitu kabla ya mtihani, akiwa na kidonda kibichi.

Mkishamaliza mambo ya gazeti, mpe na hili akae nalo: zile mita sita zilitoa sketi nne ikabaki mita moja. Kama mteja angetaka kisibaki hata kipande, angenunua mita ngapi? Jibu si moja, kwa hiyo akikuletea la kwanza, mwulize kama kuna lingine.